UJIRA WA MZAZI

 

Katika masuala yaliyoletwa mbele ya darasa letu mwezi huu, moja limetushughulisha kuliko mengine yote. Ndugu yetu mmoja wa kike, afanyaye kazi ya kufunga chai katika ghala moja la Mbaraki, atuuliza hivi. Yeye ni mja mzito wa miezi saba. Kazi hiyo ameifanya mwaka mmoja na zaidi, kila siku isipokuwa Jumapili, na ujira wake hupewa jioni. Mnyapara amekwisha kumwambia kwamba kibarua hana likizo ya uzazi. Tumbo likimzuia na aende zake, na akisha kujifungua aje asimame langoni pamoja na wenginewe. Auliza: je, ni haki hiyo? Kisha auliza jambo la pili, nalo limetupendeza kwa uchaji uliomo ndani yake: lau sheria ya nchi itampa mshahara wa miezi ambayo yuko nyumbani na mwanawe, je, fedha hiyo ni halali kwake, na hali hakuitolea jasho?

Twaanza na hili la pili, kwa kuwa ndilo ambalo baadhi ya waajiri Waislamu hujikinga nalo. Wako wenzetu wenye maduka na maghala, watu wa swala na saumu, ambao ukiwatajia khabari ya likizo ya uzazi hukujibu kwa maneno ya vitabuni. Husema: ijara ni kuuza manufaa kwa malipo, pasipo manufaa hapana malipo, basi asiyefanya kazi hana ujira. Asili ya maneno haya ni kweli, wala hatuyapingi. Lakini wanazuoni hao hao wamesema pia kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao, na kwamba jambo lililo maarufu kwa ada ni kama lililoshurutishwa kwa ulimi. Mtu aajiriye watu katika nchi hii leo huingia katika mapatano hayo naye ajua, au yampasa ajue, kwamba likizo ya uzazi ni sharti mojawapo lililomo ndani yake. Haongezewi mzigo njiani. Aliukubali siku ile alipomwambia mwanamke yule, njoo kesho asubuhi uanze kazi.

Na tena, mbona hoja hii haitumiki pengine? Karani mwanamume wa bwana huyo huyo hupata likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mshahara kamili, akaenda zake Lamu kwa jamaa zake, akarudi, na hapana aliyefungua kitabu kumwambia kwamba pasipo manufaa hapana malipo. Siku ya mapumziko katika kila wiki haipingwi pia. Fikihi hii hulala mwaka mzima, na huamka tumbo la mwanamke linapoonekana.

Basi natutazame Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Surat at-Talaq wameamrishwa waume waliowaacha wake zao wawalishe wenye mimba mpaka wazae, na wakiwanyonyeshea watoto, wawape ujira wao. Litazame jambo hili vizuri, ewe msomaji. Mama yuanyonyesha mwana aliyemzaa mwenyewe, kwa maziwa aliyopewa na Mola wake, na bado Qur'ani yautaja ujira. Katika Surat al-Baqara umewekwa muda wa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, kisha ikakatazwa mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Na katika Surat Luqman na Surat al-Ahqaf, amri ya kuwatendea wema wazazi imefungamanishwa na taabu ya mama katika kuichukua mimba na kunyonyesha. Dini iliyoyasema haya yote haiwezi kufanywa ngao ya mtu anayemtoa mwenye mimba langoni mwake.

Tena iko hukumu ambayo kila mwanamke wa mji huu aijua. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, nifasi kwa kawaida ni siku arubaini, na upeo wake ni siku sitini. Katika siku hizo mzazi amesamehewa swala, wala hailipi. Swala ni nguzo ya dini, na Mwenyewe aliyeifaradhisha ameuona udhaifu wa mzazi akamwondolea. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wamepewa pia ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani wanapochelea nafsi zao au watoto wao. Sisi twauliza: haki ya Mola imesimama kando kumpisha mzazi, je, haki ya mnyapara ndiyo isiyoweza kungoja?

Imepokewa katika khabari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kwamba katika ukhalifa wake aliwawekea watoto posho kutoka Baitul-Mal, lakini aliiweka kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja alipokuwa akiulinda msafara wa wafanya biashara uliotua nje ya mji wa Madina, alisikia mtoto akilia. Alimwendea mama yake mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu, akimwambia amtazame mwanawe. Mwisho yule mama, naye hamjui aliye mbele yake, alimwambia kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Asubuhi ile Umar aliswalisha Alfajiri na watu hawakuweza kuisikia kisomo chake vizuri kwa kulia. Kisha akatangaza kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao ziwa. Kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atakuwa na posho yake tangu kuzaliwa.

Kisa hiki husimuliwa sana mimbarini ili kuonyesha unyenyekevu wa Umar, na ni kweli unyenyekevu umo. Lakini sisi twaona ndani yake jambo jingine ambalo halisemwi. Umar hakumlaumu mama. Aliona kwamba kanuni ya malipo, ikiwekwa mahali pasipopasa, humfanya mama amdhulumu mwanawe, akaigeuza kanuni. Mama wa Mbaraki anayerudi ghalani siku ya ishirini baada ya kuzaa, akamwacha mtoto kwa jirani na uji mwepesi, ni yule yule wa msafara wa Madina. Hapana lililobadilika ila ghala.

Kwa hiyo jawabu la suala la pili ni kwamba fedha hiyo ni halali kwake, tena ni haki yake, na mwenye kumzuilia aitazame khabari ya Hadith Qudsi iliyopokewa na Bukhari, ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake timamu, asimpe ujira wake.

Sasa turudi kwenye suala la kwanza, je, kibarua yumo?

Sheria ya zamani, ile ya mwaka 1976, ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, lakini kwa mkono wa pili ikamnyang'anya, kwani aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka ule. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliyatengeneza hayo. Kifungu chake cha 29 chatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haipotei. Mwanamke ana haki ya kurudi katika kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya kwanza. Yapasa kwake kumwarifu mwajiri kwa maandishi, siku zisizopungua saba kabla ya kuondoka, au muda mfupi zaidi ikiwa hali haikumruhusu, akitaja siku ya kuanza na nia yake ya kurudi. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, ampe. Basi, hayo ndiyo masharti. Hakuna katika kifungu hicho sharti la kutumika mwaka, wala miezi sita, wala la kuhesabiwa mimba ya ngapi. Kwa jirani zetu wa Tanzania bara, sheria ya mwaka 2004 iliweka siku 84, na siku 100 kwa aliyezaa pacha, lakini ikataka mtu awe ametumika miezi sita, na ikamfunga mwajiri kwa likizo nne tu. Yetu haikuweka mpaka huo, na wengi wetu hatulijui hilo.

Ama kibarua, sheria yamtaja kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 chasema kwamba akiwa amefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au kazi yenyewe ni ya namna isiyotazamiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, basi mapatano yake huhesabiwa kuwa ni ya mwezi. Na aliyetumika miezi miwili mfululizo tangu kuajiriwa hupata masharti ambayo angeyapata lau hangekuwa kibarua tangu mwanzo. Kufunga chai si kazi ya juma moja. Chai haikomi kuingia Mombasa. Ndugu yetu aliyeuliza amefanya mwaka na zaidi. Kulipwa jioni mkononi hakumfanyi kibarua. Yumo ndani ya sheria, na mnyapara amemwambia lisilokuwa.

Iko hila ambayo twaijua, nayo ni kumwachisha mtu siku chache kila mwezi na kumrudisha tena, ili mfululizo ukatike. Waifanyao hujiona werevu. Watakumbuka kisa cha watu wa Sabato katika Surat al-A'raf, ambao samaki waliwajia juu ya maji siku waliyokatazwa kuvua, nao wakatafuta njia ya kuvua bila ya kuonekana wamevua. Mwisho wao umetajwa pale pale.

Hatutaki msomaji adhani kwamba lawama hii ni ya maghala peke yake. Iko aibu iliyo karibu nasi zaidi. Katika baadhi ya madrasa zetu na shule zetu za watoto, mwalimu wa kike akishika mimba huambiwa kwa upole apumzike, wakamwombea dua ya kujifungua salama, na mwezi ule ule posho yake ikakoma na mahali pake pakakaliwa na mwingine. Kamati ikiulizwa yasema kwamba hii ni kazi ya Mungu. Ikiwa ni kazi ya Mungu, amri zake ndizo za kwanza kufuatwa humo. Mwalimu aliyepangiwa saa za kuingia na kutoka, akalipwa kila mwisho wa mwezi, ni mwajiriwa, na jina la madrasa halimtoi. Sheria imewatoa wachache tu: majeshi, polisi, magereza, vijana wa huduma ya taifa, na biashara ya mtu ambayo hafanyi kazi ndani yake ila yeye na wale anaowalisha. Kamati ya madrasa si mojawapo.

Na majumbani je? Hapa twasema na mama zetu na dada zetu, kwa heshima zao. Bibi wa nyumba mwenye kazi katika benki au ofisi ya serikali huchukua miezi yake mitatu, na ni haki yake. Katika miezi hiyo yaya ndiye anayemwogesha mtoto wake, anayemfulia nepi, anayempikia mzazi uji wa pilipili manga. Mwaka wa pili yaya naye ashika mimba, na siku ile ile nguo zake hufungwa furushi akapewa nauli ya Malindi au Kwale. Sheria ile iliyompa bibi miezi mitatu ndiyo inayompa yaya; haikutaja ofisi ikaacha jiko. Wala haifai kusema kwamba yeye ni kama mtoto wetu, hatukuandikiana naye. Mapatano ya miezi mitatu na zaidi yampasa mwajiri ayaandike, na kama hakuyaandika, likizuka shauri ni juu ya mwajiri kuthibitisha, si juu ya yaya.

Wengine huuliza, na pengine hili ndilo lililo nyuma ya furushi lile: je, asiyekuwa na mume? Twajibu kwamba sheria haikuuliza cheti cha ndoa. Na kwa upande wa dini, mwajiri si kadhi wala hakupewa mamlaka ya kusimamisha hukumu. Mwanamke wa kabila la Ghamid alimjia Mtume (S.A.W.) akakiri zinaa kwa ulimi wake, naye ni mja mzito. Mtume alimrudisha mpaka azae. Alipozaa akamrudisha mpaka mtoto aachishwe ziwa. Khabari hii imo katika Sahihi ya Muslim. Ikiwa hukumu nzito kama ile ilingoja mtoto amalize kunyonya, ni nani huyo wa mjini kwetu ambaye hasira yake haiwezi kungoja? Mtoto hana dhambi, na maziwa ni haki yake yeye.

Tulipokuwa tukizungumza mambo haya, mzee mmoja wetu alitukumbusha nguzo ya kale iliyo pale pale Mbaraki, karibu na masalio ya msikiti. Watu huenda wakamwaga marashi chini yake na kufukiza udi, wakitaka mashetani wawasaidie katika shida zao, na shida ya uzazi imo. Tumekwisha kuyakemea haya mara nyingi, na tutayakemea tena. Lakini alisema mzee yule, na neno lake lilitunyamazisha, kwamba mtu aliyefukuzwa na mwenye ghala, na msikitini hakupata wa kumsikiliza, si ajabu kumkuta anasema na jiwe.

Kwa waume tuna maneno machache. Ujira wa mzazi ni mali yake, kama ulivyo ujira wake mwingine wote. Surat an-Nisa imewapa wanawake fungu la walichokichuma. Nafaka haiondoki kwa mume eti kwa kuwa mke analipwa. Nanyi pia sheria imewapa wiki mbili kwa mshahara kamili mtoto anapozaliwa. Wiki hizo si za kahawa na bao barazani.

Twakubali kwamba mzigo huu ni mzito kwa mwenye duka dogo. Katika Kenya mwajiri ndiye anayeubeba wote peke yake. Uingereza hurudishiwa na serikali sehemu kubwa ya malipo yaliyowekwa na sheria. Tanzania mfuko wa hifadhi ya jamii huwalipa wanachama wake mafao ya uzazi. Na mkataba wa Shirika la Kazi Ulimwenguni wa mwaka 2000, ulioweka wiki 14, wataka kwa asili yake malipo yatoke katika bima ya jamii au hazina ya umma. Hiyo ndiyo njia ya Umar, kwani posho ile ilitoka Baitul-Mal, haikutoka kifukoni kwa mwenye ngamia. Khofu ya gharama huwafanya baadhi ya watu wakatae kuajiri wanawake kabisa, na dhara hiyo ni kubwa kuliko ya kwanza. Wabunge wetu wa pwani wangepasa kuulizwa jambo hili wanapokuja kuomba kura. Lakini mwenye ghala asiufanye upungufu wa serikali kuwa udhuru wake. Sheria iliyopo ndiyo inayomfunga leo.

Yabaki ya utendaji. Mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi; sheria imelitaja wazi, na mahakama ikiona mtu amefukuzwa pasipo haki yaweza kumlipisha mwajiri mpaka mishahara ya miezi 12. Aliyerudi kazini naye ananyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, jumla yake hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, wala ujira wake haukatwi. Mashauri haya hayapelekwi kwa Kadhi; yeye amepewa ndoa, talaka, mirathi na hali za watu, si mishahara. Huanzia kwa afisa wa kazi, kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo ipo hapa hapa Mombasa. Asichelewe mtu, kwani baada ya miaka mitatu mlango hufungwa.

Na wewe ndugu yetu uliyeuliza, andika barua yako juma hili, utaje siku unayokusudia kuondoka na kwamba utarudi, na nakala yake ubaki nayo iliyotiwa sahihi na aliyeipokea. Zikusanye khabari za malipo zilizo katika simu yako, na kadi ya lango kama unayo, na majina ya wenzako wawili watakaokubali kusema kwamba mlikuwa pamoja tangu mwaka jana. Asiyeweza kuandika, katika darasa letu wako vijana wenye khati nzuri. Hukaa baada ya swala ya Isha, na hawatozi kitu.